Upande wa Mama

Alikuja saa nne na nusu, umeme umerudi punde:
Kondo Mwinshehe, mtunza farasi wa Kunduchi,
bahasha ya kaki kwapani, suruali imejaa nywele za kahawia.
"Nataka mti wa ukoo, mkubwa, wa kubandika ukutani."
Nikamwuliza marehemu ni nani.

Maana duka langu liko Mkunguni, Kariakoo,
na wateja wangu wengi wanatokea mahakamani,
watu wanaokumbukana undugu
siku ya kugawana nyumba ya Buguruni.
Mashine ileile, wino uleule.
Farasi hakuwahi kuja.

"Hajafa," akasema Kondo. "Jumamosi anaonyeshwa."

Nikavaa miwani.
Wembe, dume, uzao wa Morgan,
mwana wa Radi ya Kusini, mwana wa Waziri,
mwana wa Mfalme wa Bonde (natafsiri huku nachapa),
nyuma, nyuma, madume juu ya madume,
hadi kwa farasi mmoja mfupi wa huko Marekani
ambaye ukoo mzima unaitwa kwa jina la bwana wake.
"Kama watumwa," nikasema.
Kondo akatazama feni.

Mstari wa saba, jina likajirudia.
Wa tisa, tena.
Babu wa baba ndiye huyohuyo baba wa bibi.
Nikafuta, nikidhani ni kidole changu.
"Usifute. Ndivyo wanavyofanya.
Wanaikunja damu kama shuka, pembe kwa pembe,
ili shingo ile isipotee."
Kwetu, nikamwambia, kadhi angetaka maelezo.
Akacheka. Kumbe ana pengo.

Kisha upande wa mama.
Mama: Asali ya Pili. Mama yake: Asali.
Mama yake Asali: doa.
Chai, au mvua ya bandarini, au miaka tu.
Madume wote wana tarehe, rangi, vikombe walivyoshinda.
Huyu ana doa lenye umbo la figo.

"Andika lolote. Majaji hawafiki huko."

Nikakumbuka fomu yangu ya kitambulisho:
mahali alipozaliwa bibi mzaa mama.
Niliandika Mzenga.
Sijui kama ni Mzenga. Karani alikuwa anafunga dirisha.
Ninachojua, alilala na taa inawaka,
alitia chumvi kwenye chai,
na mimi nikikasirika mdomo wa juu hupanda kushoto,
mama akasema, "Acha kunitazama kama mama yangu."

Damu nzito kuliko maji, wanasema.
Wino mwepesi kuliko vyote viwili,
nami naujaza kwa sindano,
na ndio mahakama inaouamini.

"Ana nini cha mama?" nikauliza.
Kondo akasimama kati ya rimu za karatasi,
akainua shingo, akatanua kifua.
"Hii ya baba. Hata kwenye picha utaiona."
Kisha akageuka taratibu, upande mmoja tu,
kiganja kimekuwa sikio, kimelala nyuma,
kama mtu aliyesikia jina lake likitajwa chumba cha pili.
"Hii hatujui ya nani. Radi hakuwa nayo.
Akigeuka hivi usiku, mbwa wa jirani wananyamaza."

Nikachora kisanduku, sikuandika kitu ndani.
Nikakoleza pande zote nne
mpaka kikawa cheusi kuliko cha Mfalme wa Bonde.
Elfu kumi na mbili, na tatu ya laminesheni.
Akalalamikia hiyo tatu.

Jumamosi nilifungua kama kawaida.
Dada wawili, kesi ya kiwanja, Temeke,
hawatazamani.
"Tuanze na baba," wakasema kwa pamoja.
Nikaiweka karatasi sawa.
"Bibi yenu mzaa mama," nikauliza,
"akiitwa, alikuwa anageukaje?"